Mulongo ya Tatu, Jicho ya Kushoto

Mutoto wangu anataka Siku ya Mungu nimupeleke ku salle ya paroisse, ule ukumbi ya michezo ya kanisa, akaikale karibu na muzee moja mwenye niliapa sitamusalimia tena hata njiani. Mutoto eko na miaka ine. Haoni. Huyu muzee anamujua kwa sauti tu, na kwa harufu ya tangawizi. Kila asubui ananiuliza: "Mama, tunaenda kwa Musemaji?" Ninamujibia: "Tutaona." Halafu ninasikia ile neno mu kinywa yangu.

Basi niandike juu yake. Niliisha kuahidi tutaenda; nikimaliza kuandika, nitajua kama ninamupeleka ao hapana.

Jina iko nayo. Sitaisema. Mu commune yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, hakuna mwenye kuitumikisha: bakubwa kwa batoto, bote tunamuita Musemaji. Kazi yake ni kusema muchezo kwa bantu benye habaoni. Bachezaji banachezea kule mbele, bipofu banaikala ku mabenchi mbili ya kushoto, pembeni ya mulango ya sakristia, na yeye katikati yabo. Anabaambia kwa sauti ya chini kile inapita: nani ameingia, amevaa nini, ameshika nini, anaangalia nani. Muchezaji akiongea, yeye ananyamaza. Muchezaji akinyamaza na kuanza kulia bila sauti, yeye anasema: "Machozi. Anaipanguza na kitambaa ya kichwa." Basi, inaisha pale. Maneno yake ilikuwa inapita mu nafasi ya kimya sawa uzi unapita mu sindano, na hakuna siku nilisikia akimukata muchezaji neno.

Nilimujua nikiwa na miaka kenda, juu miye njo nilikuwa ninamushika Kambo mukono. Kambo, mama ya mama yangu, aliuzaka samaki ya kukauka, ile inatoka Pweto mu magunia, mpaka siku macho ilikataa kumuonyesha samaki muzuri na samaki ya kuoza. Akabakia na pua. Na pua ile, nyuma ya misa ya Siku ya Mungu, ilitupeleka ku michezo. Miye nilikuwa ninaona muchezo na macho yangu, na sikio moja nilikuwa nasikiliza Musemaji, juu mara mingi yeye aliona kuliko miye. Miye niliangalia mufalme. Yeye alisema: "Mufalme amesimama. Kiatu yake ya kuume haina kamba."

Alikuwaka na sheria moja, na ile sheria alinifundisha miye mwenyewe wakati nilikuwa mukubwa: kusema kile iko. Siku moja nilijaribu mbele yake, nikasema: "Bibi amekasirika."

"Amekasirika njo nini?" akaniuliza. "Miye sioni amekasirika. Nionyeshe na kidole, iko wapi?"

"Papa, si inaonekana ku uso."

"Ku uso kuko nini?"

"Kuko... meno. Amefunga meno."

"Basi sema meno. Kukasirika, bipofu bangu batakutafuta bo benyewe. Habakufa akili."

Juu ya ile sheria, siku moja karibu bamupige. Ilikuwa muchezo ya huzuni: bwana anarudi kutoka mine ya shaba, bibi amemupikia samaki, na mu samaki ametia sumu. Salle yote kimya, hata batoto ba chorale. Musemaji akasema pole pole: "Bibi anaweka sahani mbele ya bwana. Mu sahani kuko samaki ya carton. Mukia imepasuka."

Kambo akauliza na sauti yake ya soko: "Ya carton? Na sumu aliitia wapi?"

Mabenchi mbili ya bipofu ikapasuka kucheka. Kisha salle yote. Bwana wa mu muchezo alikufa katikati ya kicheko, na alipokufa bantu bakapiga makofi sawa ku mupira.

Nyuma ya muchezo, kiongozi wa bachezaji, mwanaume munene wa jasho mingi, alimufuata mpaka ku mulango.

"Vieux, muzee, unaniua! Inapashwa useme samaki! Samaki tu!"

"Ni carton."

"Najua ni carton, nilikata miye mwenyewe na makasi ya bibi yangu!"

"Benye kuona banaona carton," Musemaji akajibu, "na banajikaza kukubali ni samaki. Ile kazi ya kukubali, juu ya nini bipofu bangu baikose? Balilipa mulango sawa bengine."

Kambo alicheka njia yote mpaka nyumbani. Tulipofika, akaniambia: "Huyu njo muntu. Bengine banadanganyaka kipofu kwa huruma. Huyu ananipa carton yangu." Sikusahau. Baadaye nilikumbuka ile neno kwa uchungu, lakini ile siku nilikuwa na furaha nayo.

Alikuwa muntu wa kutayarisha. Siku tatu mbele ya muchezo anakuya ku majaribio na kaye ya masomo, ile ya mustari, anaikala chini ya jukwaa, anaandika kila kintu: hatua ngapi kutoka mulango mpaka ku kiti, kitambaa ya rangi gani, nani ananuka pombe. Kikohozi alikuwa nayo tangu zamani. Juu yake alikula tangawizi mbichi, anaitafuna sawa mbuzi, na maji ya baridi hakuigusa siku ya muchezo. Saa moja mbele ya kuanza, alibapandisha bipofu bote ku jukwaa, moja moja, baguse. Baguse kiti ya mufalme, baguse panga ya mbao, mabeseni, mapazia. "Hii njo mulango. Si mulango, ni karatasi juu ya miti mbili, lakini atapiga hodi." Kambo aligusa uso ya mufalme mwenyewe siku moja, akamushika ndevu, ikabakia mu mukono. "Na weye pia uko carton," akamuambia.

Kisha bazungu ba projet moja ya kusaidia bipofu bakaleta mashini: kasanduku moja ya kutuma sauti, na bintu bya kuvaa ku masikio. Musemaji bakamuweka mu chumba kidogo ya nyuma ya kioo na mikro ya kusemea. Bipofu baliweza kuikala popote mu salle, pembeni ya bajukuu babo, na habakusikia tena bantu banabaambia "chuut". Bo balifurahi. Yeye hapana. Nilimuuliza juu ya nini.

"Kule nyuma ya kioo sibasikii banapumua," akasema. "Muntu akishika pumzi, ninajua anangoja. Akipumua, ninajua ameona. Sasa ninasemea kioo."

Mapile ya mashini ilikufa, projet ikarudi kwabo, yeye akarudi ku benchi. Hakucheka, lakini ile siku alivaa koti yake ya sikukuu.

Sasa upande ingine.

Nje ya salle, huyu muntu alikuwa bubu. Ninasema bubu. Ule mwenye aliona kamba ya kiatu ya mufalme, pa njia hakuona kintu. Mama anapita na zipu wazi mugongoni, bantu banachekelea, Musemaji anaangalia mawingu. Debe ya maji inavuja ku kichwa ya mutoto wa jirani, Musemaji anavuka njia. Siku moja Kambo alimuomba, mbele yangu:

"Musemaji, uniangalilie hii kidonda ya muguu. Imekuwa rangi gani?"

"Ni kidonda, mama."

"Najua ni kidonda, iko kwangu! Rangi gani?"

"Mujukuu ataangalia."

"Mujukuu eko na miaka kumi na mbili, atasema 'ni mubaya'. Weye njo unajuaka kusema!"

Akaaga. Akaenda na haraka, mikono mu mifuko. Kambo akasikiliza hatua yake mpaka ikaisha, akasema: "Kumbe anaonaka mu salle tu."

Babibi ba mutaa balisema ni kiburi. Miye nilifikiri ni heshima. Nilimupendaka juu ya ile heshima, niandike ile pia. Mu mutaa yenye kila mulango iko na kinywa, nilifikiri: hapa kuko muntu moja mwenye hatangazi mubaya ya bantu.

Kambo alikufa. Miye nilipata diplome yangu ya sekondari, nikaolewa, bwana akaenda Kolwezi ku mine, na nikaingia mu kundi ya bachezaji juu nyumbani nilikuwa ninaongea na sufuria. Bakanipa kucheza bibi ya pili. Mwadi, mutoto wangu wa kwanza, alikuwa na mwaka moja na miezi mitatu. Nilimubeba ku majaribio. Kila muntu alimushika, kila muntu alimurusha juu.

Siku moja fundi wa taa alikuwa anafunga projecteur ya mupya, ile taa munene ya jukwaa. Miye ningali sijaitwa, niko na mutoto ku magoti, tunacheka na babibi bengine. Fundi akageuza projecteur upande yetu kwa muchezo, bantu bakapiga kelele: "Eh, unatupofusha!" Musemaji alikuwa chini ya jukwaa na kaye yake, uso kwetu. Nakumbuka aliacha kuandika. Nakumbuka alifungua kinywa, na miye nikafikiri ni kikohozi.

"Papa, kuko nini?"

"Hakuna kintu, mwanangu," akasema. "Mutoto amekomaa."

Na miye nikashukuru! Nilimuambia aksanti!

Miezi yenye ilifuata, nitaisema mbio, juu nikiisema pole pole nitavunja kintu. Nyuma ya miezi tano, shemeji wangu alipiga picha na telefone ku ubatizo. Macho ya bantu bote ilitoka nyekundu, ya Mwadi moja ikatoka nyeupe. Mama mukwe akasema ni flash. Nikakubali. Kisha jicho ikaanza kutazama pembeni. Ku dispensaire bakanipa dawa ya kutonesha mu jicho. Nikatonesha. Kisha ikavimba. Ku hospitali munene, munganga wa macho alimulika jicho ya kushoto, akamulika ya kuume, akamulika tena ya kushoto, akazima taa yake na akaikala.

"Bweupe muliona tangu lini?"

"Tangu ubatizo. Miezi mbili."

"Mbele ya pale, hakuna mwenye aliona?"

"Hakuna."

Akanielezea: iko kansa ya macho ya batoto badogo. Taa ikiingia mu jicho, inakuta ile kintu, inarudi nyeupe. Akasema jicho ya kushoto inapashwa itolewe, juu ya kuokoa mutoto. Ya kuume batajaribu. Akasema pia, kwa upole, kama tungefika mbele, labda. Ile "labda" nilirudi nayo nyumbani.

Balitoa ya kushoto. Balijaribu ya kuume na dawa yenye ilimumaliza nywele na nyama. Kisha balitoa ya kuume. Mwadi hakufa. Bantu bananiambia nishukuru. Nilishukuru. Niliisha kushukuru, sasa niko na hasira, na hakuna padiri atanifukuzia yo.

Na huyu muzee, wakati Mwadi alikuwa mu kitanda na bandeji ku macho, anakataa kula, anakataa kuguswa, njo yeye alikuya. Alileta machungwa mbili. Aliikala ku sanduku ya chuma, akakohoa, akatafuna tangawizi yake, na akaanza kumuambia mutoto kile iko: "Kuko dirisha. Ku dirisha kuko mujusi. Anapanda. Amesimama. Anapanda. Inje, mu kiwanja, kuko kuku moja wa munganga, hana mukia. Anaingia mu bureau. Banamufukuza. Anarudi." Mwadi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu bandeji. Nilitoka inje nikalia ku ukuta, nikasema: Mungu amubariki huyu muzee.

Kisha kila mwezi Mwadi alikuwa ku mabenchi ya kushoto, muguu yake juu ya magoti ya Musemaji, anauliza tu: "Na kisha? Na kisha?" Yeye mwenye alinyamazisha hata bakubwa, huyu alimuacha aulize. Na wakati kikohozi ilianza kumukata sauti katikati ya michezo, aliniita, akanipa kaye zake zote mu mufuko ya unga. "Soma," akasema. "Mwaka kesho sitakuwa na sauti. Weye njo utabasemea."

Nilisoma mu kiwanja, siku ya kufua, sabuni ku mikono. Nilikuta muchezo yangu, ile ya bibi ya pili. Nilifurahi, nikatafuta jina yangu. "Bibi ya pili anaingia kushoto na beseni. Hatua sita." Chini yake: "Fundi anageuza projecteur ku bantu. Mulongo ya tatu ya mabenchi, mutoto ku magoti ya bibi ya pili. Jicho ya kushoto nyeupe, sawa jicho ya paka mu taa ya motokari." Na chini yake: "Bibi ya kwanza anaikala."

Alipitisha kalamu juu ya ule mustari ya jicho, mara moja tu. Ilisomeka yote.

Miezi tano mbele ya picha ya ubatizo. Miezi saba mbele ya munganga. Aliona, akaandika, kisha akaniambia mutoto amekomaa.

Nilirudisha mufuko ya kaye kwa mulinzi wa paroisse, na kwa salle sikukanyaga tena. Nilipokutana naye pa njia nilitema mate chini. Alivuka njia. Mwadi aliuliza kila siku, na miye nilidanganya kila siku: Musemaji amesafiri, Musemaji eko Kasenga, anakula samaki ya Luapula. "Ya carton?" akauliza mutoto. Hii hadisi ya Kambo nilikuwa nimemupa miye mwenyewe.

Juma iliyopita nilichoka kudanganya. Nilimushika Mwadi mukono, juu hakukuwa mwenye kumuachia, nikaenda kwake. Anaikala chumba mbili nyuma ya atelier ya soudure, pale banaunganisha chuma na moto; mulango yake iko ya mabati, na mbao ya pembeni iko nyeusi ya moto wa zamani. Nilipitaka pale mara ngapi? Sikuulizaka juu ya nini ile mbao iko nyeusi.

Alikuwa amekonda. Sauti ilikuwa imebakia kidogo, sawa muntu anasugua karatasi. Mwadi alisikia kikohozi, akaacha mukono yangu na akaenda moja kwa moja mpaka akagonga magoti yake. "Musemaji! Ulirudi Kasenga!"

Akaniangalia. Akasema: "Nilirudi."

Miye sikuikala. "Nilisoma kaye," nikamuambia.

"Najua. Mulinzi aliniletea."

"Uliona."

"Niliona."

"Weye! Weye mwenye unasemaka kamba ya kiatu! Miaka yote unatuchosha na 'sema kile iko, sema kile iko', na mutoto wangu anabeba kansa mu jicho mbele yako, unaniambia amekomaa?"

Fundi wa soudure alizima mashini yake kule inje. Musemaji alingoja. Alikuwa muntu wa kungojea nafasi.

"Mbele ya hii kazi," akasema, "niliambia mama moja wa huu mutaa: tumbo ya mutoto wako inavimba, upande wa kushoto. Kile niliona tu. Nyuma ya juma mbili mutoto akafa. Bakasema kinywa yangu njo ilimutupia bulozi. Bakaleta petrole. Ile mbao, nilikataa kuibadilisha. Bibi yangu akaenda na batoto, juu pa masomo balikuwa banabaita batoto ba mulozi. Habakurudi. Muzee mwenye kuikala peke yake akisema mutoto eko mugonjwa, na mutoto akifa, nani amemuloga? Si unajua. Mu salle mi nasema juu ni muchezo, hakuna mwenye atakufa kule."

"Miye singesema uko mulozi."

"Ungesema, mwanangu."

Hapa niandike kweli, juu njo sheria. Ningesema. Mama mukwe angeanza, lakini miye ningeitikia, na ningeitikia na sauti ya juu. Njo vile tuko.

"Ndiyo," nikamuambia. "Ningesema. Ningekutukana mu njia yote, bangekuya na petrole, na miye ningebashikia kiberiti. Na kesho yake ningemupeleka mutoto ku hospitali, juu ya kukuaibisha tu, juu ya kuonyesha bantu unadanganya! Ungekosa mulango. Na Mwadi, labda, angekuwa na jicho moja."

Ile "labda" nilimurudishia yeye, na niliona ikimufikia.

"Sasa sema," nikasema. "Na sheria yako. Ile siku. Kile iko. Mutoto eko hapa, anangoja."

Alitafuta tangawizi mu mufuko, akaikata na meno. Mwadi alijua ile harufu, akashika pumzi. Musemaji alisikia ile pumzi. Akaanza.

"Salle ya paroisse. Kuko babibi sita mu mulongo ya tatu. Banacheka. Mama eko katikati. Mutoto eko ku magoti yake, ameshika kijiko. Fundi anageuza taa. Babibi banafunga macho. Mutoto hafungi. Jicho ya kuume iko nyeusi. Jicho ya kushoto iko nyeupe. Muzee eko chini ya jukwaa. Anaandika. Anafungua kinywa." Akakohoa, akangojea ipite. "Muzee anafunga kinywa."

"Na kisha?" Mwadi akauliza.

Inje fundi aliangusha chuma.

"Na mama, alivaa nini?"

Nilitaka kumujibia miye mwenyewe. Sikukumbuka. Ile siku yote, siku yenye ningetoa macho yangu mbili kuirudisha, sikukumbuka hata kitambaa.

"Kitambaa ya manjano," Musemaji akasema. "Kandambili ya kushoto imefungwa na waya. Anacheka mpaka ufizi inaonekana."

Mwadi akapumua.

Ku mulango nilimuambia: "Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tutakuya. Utamusemea mpaka sauti iishe, ikiisha nitakamata miye. Usifikiri nimekusamehe."

"Sifikiri."

"Na ukiona kintu ku mutoto wa muntu, yeyote, unaniambia miye. Si mama yake, miye. Miye niko kijana, niko na bwana, batanitukana tu. Umesikia?"

Aliangalia ile mbao nyeusi. Midomo yake ilifanya sawa inatafuta nafasi.

"Basi kuko mutoto wa mama wa makala," akasema, "ule wa pa pembe. Shingo. Upande wa kuume, chini ya sikio. Iko sawa limau."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nilimuita majina yenye siwezi kuandika. Kisha nilimushika Mwadi mukono, tukaenda pa pembe, mbio, yeye anajikwaa, miye namuinua. Mama wa makala alikuwa anapima ndoo, mutoto mugongoni mu kitenge mpaka ku masikio. Nilimuambia afungue kitenge. Akakataa. Nikafungua miye mwenyewe, nikamushikisha kidole yake ku shingo ya mutoto, chini ya sikio, na nikamuambia asubui nitakuya kumukamata tuende ku hospitali, atake asitake.

Bateja bote bakageuka. Mama wa makala akaangusha ndoo. Hakuangalia mutoto kwanza. Aliangalia njia, huku na kule, sawa muntu anatafuta jiwe.

"Nani amekuambia?" akauliza. "Nani ameangalia mutoto wangu?"

"Miye," nikasema. "Miye njo nimeona."